Je, Mkristo anunue kwa kampuni inayodhulumu watu?

Swali hili linaulizwa sana siku hizi kwenye makundi ya vijana wa kanisa hapa Unguja, na mara nyingi linaulizwa kwa hasira. Kijana amesoma kwenye simu yake kwamba kobalti iliyomo ndani ya betri ya simu hiyohiyo huenda imechimbwa na watoto kule Kongo. Mwengine amesikia habari za watoto kwenye mashamba ya kakao ya Côte d'Ivoire na Ghana. Wa tatu anataka kujua kama ni dhambi kunywa soda ya kampuni fulani. Mzee wa kanisa anajibu kwa mkato kwamba Mtume Paulo alishasema, katika 1 Wakorintho 10:25, tule kila kiuzwacho sokoni bila kuuliza-uliza, na mazungumzo yanaishia hapo. Naona yanaishia mapema mno, na aya hiyo ya Paulo inabebeshwa mzigo usio wake.

Tuisome vizuri. Korintho ulikuwa mji wa mahekalu, na nyama nyingi iliyofika sokoni ilikuwa imeshapita madhabahuni. Wakristo wapya waliogopa kwamba wakiila watakuwa wameshiriki ibada ya miungu. Paulo akawatuliza: sanamu si kitu, dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, basi nunueni mle. Lakini angalia hoja yake imesimama juu ya nini. Imesimama juu ya kwamba upande wa pili wa biashara ile hakuna mtu aliyeumizwa. Kuna sanamu tu, na sanamu haidhulumiwi. Mtoto anayechimba kobalti yupo, ana jina na ana mama. Ruhusa iliyotolewa kwa sababu sanamu si kitu haiwezi kuhamishiwa pale ambapo aliyeumia ni mtu.

Tena Paulo mwenyewe haachi hapo. Mistari michache mbele, katika sura hiyohiyo ya 10, anasema mtu akikuambia kwamba kitu hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya yule aliyekuambia. Na anafafanua kwamba dhamiri anayoizungumzia ni ya yule mwenzako. Kwa hivyo hata penye uhuru kamili, habari ikishakufikia, na ikiwa yupo mtu ambaye ununuzi wako utamgusa, hesabu inabadilika. Anayetumia aya ya 25 kuziba masikio anatakiwa asome mpaka ya 29.

Maandiko yana mengi zaidi juu ya biashara kuliko tunavyohubiriwa. Amosi anawasema wanaopunguza kipimo na kuongeza bei, na kuwanunua maskini kwa jozi ya viatu. Yakobo anasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele na kilio chao kimemfikia Bwana wa majeshi. Hao ni wauzaji na waajiri. Kuhusu mnunuzi na mtumiaji, kisa ninachokirudia sana ni cha Daudi katika 2 Samweli 23. Alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, akasema hawezi kunywa damu ya watu waliohatarisha roho zao. Maji yalikuwa safi, hayakuibwa, na walioyaleta walikwenda kwa hiari yao. Kilichomzuia ni kujua yamegharimu nini, na kwamba gharama hiyo hakuilipa yeye.

Halafu kuna Ufunuo 18, sura ambayo sisi watu wa visiwa vya viungo tungepaswa kuijua kwa moyo. Babeli umeanguka, na wafanyabiashara wa nchi wanalia kwa sababu hakuna anunuaye bidhaa zao tena. Inafuata orodha ndefu: dhahabu, lulu, kitani, pembe, mdalasini, uvumba, divai, mafuta, unga mzuri, ng'ombe na kondoo, farasi na magari, na mwisho kabisa miili na roho za wanadamu. Mji unaohukumiwa pale ulikuwa mteja. Wauzaji wanalia pembeni, na hukumu imemshukia aliyenunua.

Mdalasini, pembe na wanadamu katika orodha moja: Zanzibar tunayajua hayo kwa karibu. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa sikukuu ya Noeli mwaka huohuo, siku za Edward Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka uliofuata. Wageni wanaonyeshwa mahali pa madhabahu, wanasikitika, wanapiga picha. Kinachosahaulika ni kwamba soko lile lilikuwa na wateja wa aina nyingi, na wengi kati yao hawakuwahi kumnunua mtumwa hata mmoja.

Chukua merikani, kile kitambaa kigumu kisichopaushwa. Kilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa majimbo ya kusini ya Marekani. Meli za Salem, bandari ya jimbo hilohilo, zikakileta Unguja. Misafara ikakipeleka bara, na huko kikabadilishwa kwa pembe za ndovu na mara nyingine kwa watu. Pembe zikasafirishwa hadi Marekani zikawa vibonyezo vya piano katika sebule za familia zilizokwenda kanisani kila Jumapili. Konseli wa kwanza wa Marekani hapa, Richard Waters wa Salem, aliyefika mwaka 1837, alikuwa mcha Mungu aliyeuona utumwa kuwa uovu. Bado alifanya biashara kubwa katika mji ambao uchumi wake uliegemea watumwa. Namtaja kwa sababu hali yake ndiyo inayofanana na yetu kuliko ya mfanyabiashara wa watumwa: mtu aliyeuchukia uovu, na ambaye kila alichokishika kilikuwa kimepita kwenye mikono ya uovu huo.

Basi tunapimaje? Wanateolojia wa Kikatoliki, hasa tangu Alfonso wa Liguori katika karne ya 18, wamejenga njia ya kupima kushiriki katika uovu wa mwengine, na hata sisi wa madhehebu mengine inatufaa. Kwanza wanauliza nia. Anayetaka uovu wenyewe utendeke ili apate faida yake ameshiriki kwa moyo, na hilo halina udhuru. Mwenye kununua nguo kwa bei rahisi huku akijisemea "wacha wadhulumiwe, mimi nipate changu" yumo humo. Asiyeutaka uovu, ila kitendo chake kinausaidia, ameshiriki kwa kitendo tu. Hapo ndipo yanapoingia maswali mengine. Kitendo chako kiko karibu kiasi gani na dhuluma yenyewe? Ukiacha, dhuluma itapungua au itaendelea vilevile? Uovu ni mzito kiasi gani? Una haja gani ya kitu hicho, na unayo njia nyengine? Na watu wanaokutazama watajifunza nini kwako?

Maswali haya yanatenganisha mambo tunayoyachanganya. Tazama fulana ya mtumba inayoninginia soko la Darajani hapa mjini, yenye lebo ya Bangladesh. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka, liliporomoka likaua watu 1,134, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani. Wafanyakazi walikuwa wameziona nyufa siku moja kabla, na wakaamrishwa waingie kazini. Anayenunua fulana ile kwa mara ya kwanza katika duka la London, fedha yake inarudi kwa kampuni iliyoagiza. Anayeinunua Darajani anamlipa mchuuzi aliyefungua belo asubuhi ile, na kiwanda hakipati kitu cha maana. Masikitiko yetu yanaweza kuwa makubwa sawasawa, lakini ukaribu wetu na dhuluma si sawa. Kumwambia mama wa Kwamtipura kwamba ana damu mkononi kwa sababu ya mtumba ni kumtwisha hatia ya mtu mwengine.

Sasa geuza macho upande wa pili. Msimu wa karafuu Pemba, mchumaji anapanda mkarafuu, anavuta matawi yaliyo mbali kwa kamba, anashusha vikonyo vimejaa. Jioni kunakaliwa kitako kutenganisha karafuu na makonyo, watoto nao wamo, na wapo wanaokosa skuli kwa ajili ya kazi hiyo. Kisha zinapimwa. Mchumaji analipwa kwa pishi, na pishi ni chombo: kinaweza kuwa cha haki, kinaweza kuwa kimetanuliwa, na anayepima anaweza kufuta juu kwa mkono au kuacha kilima. Kilima kile, pishi baada ya pishi mpaka msimu uishe, ni chakula cha nyumba ya mtu. Wako wanaoanguka mitini, na mwenye shamba akasema si juu yake. Ndani ya biashara hii hakuna kampuni ya mbali. Wamo majirani, na mnunuzi wa kazi ya mchumaji ni yule anayemwangalia usoni. Kumbukumbu la Torati 25 linakataza vipimo viwili ndani ya nyumba moja, kikubwa na kidogo, na linaita jambo hilo chukizo. Mkristo mwenye mikarafuu, au aliyekodi mikarafuu ya mtu, ambaye amesusia soda ya kampuni ya ng'ambo na hajaliangalia pishi lake, ameanzia mbali akaruka karibu. Vivyo hivyo kwa mshahara wa msichana wa kazi za ndani, na kwa fundi anayeambiwa "njoo kesho" mwezi mzima.

Sisemi hivi ili kuyafuta ya mbali. Nasema kipimo ni kilekile, na penye ukaribu kinatubana zaidi.

Mwani unaonyesha ugumu mwengine. Kilimo chake kilianza mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Wanafunga vipando kwenye kamba kwa taitai, yaani nyuzi fupi za kufungia, wanasimama ndani ya maji ya chumvi kwa saa nyingi, wanavuna, wanaanika, na mwisho bei ni ndogo. Kwa muda mrefu utaratibu umekuwa kwamba kampuni inatoa kamba na vifaa, na mkulima anaiuzia kampuni hiyohiyo. Aina ya mwani yenye bei nzuri haistahimili maji yakipata joto, hivyo wengi wamebaki na ile ya bei ya chini. Mwani ukifika viwandani ng'ambo unatolewa ute wa kugandishia unaotiwa kwenye dawa za meno, malai na vyakula vingi. Dawa ya meno inaweza kurudi dukani Paje, ikauzwa kwa mama aliyekuwa maji kiunoni wakati mwani wake unavunwa.

Je, tuisusie dawa ya meno? Muulize mama huyo. Atakwambia anataka bei ipande, na mnunuzi wa pili aje kushindana na wa kwanza. Tukisusia, wa kwanza kuumia ni yeye. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la mijadala yetu: tunajiuliza kama mikono yetu ni safi, tunamsahau aliyedhulumiwa na anachokitaka. Zakayo alipotubu hakuishia kuacha ushuru wa hila. Alisema atarudisha mara nne, kwa wale wale aliowanyang'anya. Deni lilikuwa na mwenyewe.

Historia ya kususia bidhaa inaliunga mkono hilo. Mwaka 1791 Wakristo wengi wa Uingereza, wanawake wakiwa mstari wa mbele ingawa hawakuwa na kura, waliacha sukari iliyolimwa na watumwa wa Karibi. Thomas Clarkson, mmoja wa wapinga utumwa wa huko, alikadiria waliofanya hivyo kuwa watu 300,000. Utumwa haukwisha kwa chai kunywewa bila sukari. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Bunge lao mwaka 1807, na sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni mengi ikaja mwaka 1833. Lakini watu walioacha sukari mezani ndio waliotia saini maombi kwa Bunge. Kususia kuliwafundisha jambo lile kila siku wakati wa chai, na kukawafanya wasinyamaze.

Kisa cha Cadbury, kampuni ya chokoleti ya Uingereza, ni kichungu zaidi. Familia yenye kampuni ilikuwa ya Kikweka, dhehebu la Kikristo la watu walioupinga utumwa kwa vizazi. Mwaka 1901 William Cadbury alipata habari kwamba kakao waliyonunua São Tomé, kisiwa kilichotawaliwa na Ureno, ililimwa na watu waliotolewa Angola kwa nguvu. Hakupuuza. Alifuatilia, akazungumza na wakubwa wa Ureno, mwaka 1905 akamtuma Joseph Burtt kwenda kuchunguza. Hoja yake ilikuwa kwamba kampuni ikiendelea kununua itakuwa na sauti, ikiacha haitasikilizwa. Waliacha kununua mwaka 1909. Gazeti moja lilipowaita wanafiki walilishitaki na wakashinda, lakini wazee wa baraza waliwapa fidia ya robo ya peni, sarafu ndogo kuliko zote. Hoja ya "nabaki ili nisikilizwe" si ya kudharauliwa, kwa kuwa mara nyengine ni kweli. Ila miaka minane ni mingi kwa mtu aliye chini ya kiboko. Anayeitumia hoja hiyo inampasa aseme atasubiri mpaka lini, na akikataliwa atafanya nini.

Wakweka haohao waliacha mfano mwengine Pemba. Hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, walinunua shamba la mikarafuu Banani, upande wa Chake Chake, wakawaajiri walioachwa huru kwa ujira. Wenzao Uingereza waliwahi kuikataa sukari ya watumwa. Hawa walikwenda kuzalisha karafuu kwa namna nyengine. Mission zile zilikuwa na kasoro zake, ikiwemo tabia ya kuwaona watu weusi kama wanafunzi wasiohitimu. Bado swali lao linatufaa: mbali na kukataa, unaweza kujenga nini?

Na sisi tumewahi kuwa upande wa kususiwa. Mwaka 1937, baada ya serikali ya kikoloni kukipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya biashara yote, wafanyabiashara wa Kihindi wa hapa walisusa, na chama cha Congress kule India kikawaunga mkono kwa kuzikataa karafuu za Zanzibar. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Biashara ikayumba mpaka yalipopatikana makubaliano mwaka 1938. Susio lile lilifanya kazi kwa sababu waliolalamika ndio walioliomba, lilikuwa na lengo la wazi ambalo ni sheria fulani, na lilikuwa na mwisho: mambo haya yakirekebishwa, tutanunua. Hata hivyo biashara ilipoyumba, mkulima aliyeitegemea aliyumba nayo.

Baada ya Rana Plaza, vyama vya wafanyakazi vya Bangladesh havikuiomba dunia iache kununua nguo zao. Vilidai majengo yakaguliwe na makampuni yafungwe kisheria, na Mei 2013 mkataba wa usalama ukatiwa saini baina ya makampuni mengi na vyama hivyo. Aliyesusia nguo za Bangladesh kwa jumla alifanya kitu ambacho wahusika hawakukitaka. Aliyeandikia kampuni kuitaka itie saini aliwasaidia.

Yako mambo hatuna uchaguzi. Huwezi kuchagua umeme unaofika kwa waya chini ya bahari, wala mafuta ya boti ya kwenda Pemba, wala, kwa wengi wetu, simu isiyo na madini ya Kongo. Kwa hayo ninakumbuka Naamani, jemadari wa Shamu, katika 2 Wafalme 5. Ameshamwamini Mungu wa Israeli, lakini kazi yake inamlazimu kumshika mkono mfalme akisujudu katika hekalu la Rimoni. Anamwomba Elisha msamaha mapema. Nabii hamwambii aache kazi. Anamwambia, nenda kwa amani. Naamani hakujifanya haoni, aliutaja mkwamo wake mbele za Mungu. Mwenye simu afanye hivyo, aitumie mpaka ife kabla ya kununua nyengine, na asimhukumu jirani aliyenunua mpya, kwa sababu Warumi 14 inasema kila mmoja atatoa hesabu yake mwenyewe.

Kwa mtu mmoja mwenye fedha ya kula ya leo, sitaki kumuongezea mzigo. Mama anayenunua kibaba cha unga hana nguvu ya kuikaripia kampuni, na Mungu hamdai asichokuwa nacho. Uzito uko kwa wanaonunua kwa wingi: dayosisi, parokia, skuli na hospitali za kanisa, Wakristo wenye maduka na hoteli. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2009 kwamba kununua daima ni tendo la kimaadili, na Papa Fransisko akalirudia mwaka 2015. Maneno hayo yanamfaa zaidi mhasibu wa parokia kuliko muumini mmojammoja. Kanisa likiagiza fulana za kongamano la vijana, viti vya ukumbi au sukari ya sikukuu, liandike maswali mawili kwenye barua ya oda: bidhaa hii imetengenezwa wapi, na walioitengeneza wanalipwaje. Muuzaji mwenye jibu atalitoa. Asiye nalo atakwenda kumuuliza aliyemuuzia, kwa kuwa oda ya fulana mia mbili hataki kuikosa.